Pengo Katikati ya Wimbo

Pa.

Sauti moja tu, kama kiganja chenye maji kilichopigwa juu ya jiwe. Rebeka alifumbua macho gizani akangoja ya pili. Haikuja. Pembeni yake mumewe alilala chali, midomo ikimcheza kidogo kama mtu anayefuata ngoma usingizini.

Ni samaki, alijiambia. Au kenge kateleza mwambani. Akajifunika shuka hadi masikioni.

Asubuhi alipofungua mlango wa kibarazani alikuta alama ya kiganja sakafuni, mbichi, vidole vikielekea ndani. Jua lilikuwa limeshapiga pale muda mrefu na sakafu yote ilikuwa ya moto, ila kiganja kile hakikukauka. Kilinuka tope la chini ya magugu maji. Alipoinua macho akaona jambo la pili: pimbi hawakuwepo. Tangu wahamie Luchelele, kila asubuhi pimbi walianika migongo yao juu ya mawe yaliyoizunguka nyumba, wakimtazama kama wenye nyumba wanaomtazama mpangaji. Leo mawe yalikuwa matupu.

Akapiga deki. Kiganja kikafutika. Hakumwambia mtu.

Mumewe, Mutalemwa, ndiye Muta Jabali anayesikika redioni, mwimbaji wa "Chakula Kinapoa." Hakuna harusi Mwanza iliyokwisha bila wimbo ule. Kiitikio chake mtoto wa chekechea anakijua: *Njoo*, halafu sauti inakatika, ngoma inapiga peke yake pigo moja, pengo, *giza limeingia. Njoo*, pengo tena, *chakula kinapoa.* Fedha ya wimbo ndiyo iliyojenga nyumba ile ya vioo juu ya jabali lililochomoza ziwani, na mji mzima ulikuwa na la kusema juu ya vyote viwili.

Siku hiyo Rebeka alikwenda Mabatini kuchukua redio aliyoipeleka kutengenezwa. Dukani kwa mzee Akbarali, ambaye ameuza na kutengeneza redio tangu zilipokuwa za mbao, alimkuta Odeta, msusi wa jirani, amekuja kuchaji simu na kubishana.

"Mimi nakwambia ule ni wimbo wa mapenzi," Odeta alikuwa akisema. "Mwanamke kamkimbia, yeye kapika, anamngoja. Mwanaume wa kupika ulimwona wapi? Ndiyo maana tunaupenda."

"Mapenzi gani," alisema Akbarali, bisibisi mdomoni. "Wimbo una shimo katikati. Watu wamenirudishia spika nzima kabisa, wanasema mbovu, inameza maneno."

"Si shimo, mzee. Pale unaweka jina la mtu wako. Juzi Kirumba kila mtu kapiga kelele lake, uwanja ukatikisika."

"Wewe uliweka la nani?"

"Halikuhusu." Odeta akacheka. "Ila ile nyumba yake, hapana. Wanasema lile jiwe lina wenyewe, wa majini. Walimpa nyota, yeye kawapa kiwanja."

"Majivuno tu. Vioo ukutani mpaka chini. Wadudu wa ziwani wakija, atakula nao." Akbarali alimwona Rebeka mlangoni, akakohoa, akatoa bisibisi mdomoni. "Karibu, mama. Redio yako tayari."

Odeta hakukielewa kile kikohozi. "Dada, hebu tuamulie. Unaonaje, wimbo na nyumba?"

"Wimbo naupenda," Rebeka alisema. "Nyumba siipendi."

"Umewahi kufika?"

"Nalala humo."

Odeta alichomoa simu yake taratibu, ingawa ilikuwa haijajaa, akakumbuka ana mteja.

Akbarali aliwasha redio kuijaribu. Kama ilivyo kila siku, wimbo haukuwa mbali. *Njoo*, aliimba Mutalemwa. Ngoma ikapiga pigo lake moja, na pamoja na ngoma, ndani ya pengo, Rebeka akaisikia: *pa.* Kiganja chenye maji. Mzee naye aliisikia, maana alishusha sauti, akapandisha, akainamisha sikio.

"Hiyo haikuwepo," alisema. "Miaka yote nauza huu wimbo, mama. Pale pamekuwa patupu."

Rebeka alirudi nyumbani na redio kwenye mfuko, akiishika mbali kidogo na mwili wake.

Jioni alimkuta bintiye, Gladness, amechutama ukingo wa jabali akiimba kwa sauti ndogo. Alikuwa na miaka minne, na sauti aliirithi kwa baba. Aliimba *njoo*, akanyamaza, akainamia maji kama anayesikiliza, kisha akatikisa kichwa.

"Unaongea na nani, Gladi?"

"Anko."

"Anko gani?"

"Wa chini ya jiwe. Ananifundisha. Anasema pale kwenye wimbo pana nafasi." Mtoto alikuna goti. "Hana jina, mama. Anataka nimpe langu."

Rebeka alimbeba mgongoni kama kichanga. Miguu ya mtoto ilikuwa ya baridi hadi magotini, na ilikuwa imelowa.

Usiku huo alimweleza mumewe yote. Mutalemwa hakubisha, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. Alikaa kitandani, viwiko juu ya mapaja.

"Unajua nilikuwa na mdogo wangu," alisema.

"Najua alizama. Hamjawahi kunitajia hata jina."

"Tulikuwa tunaimba wawili. Tulikuja hapa kupiga video, kabla sijawa mtu. Akapanda hili jabali, akaruka, kamera ikamfuata mpaka majini. Tukangoja aibuke. Niliita mpaka giza likaingia, Rebeka. Mama alikuwa amepika kwa ajili yetu, chakula kikapoa. Ule wimbo ni huo tu. Si mapenzi, si nini."

"Na jina?"

"Lilikuwemo. Nilipomsikilizisha mama, akanipigia magoti nilitoe. Kwetu, katika ukoo wetu, aliyepotelea majini huzikwa kwa mgomba. Shina linavishwa nguo zake, linashushwa kaburini, na hapo ndipo jina lake linaitwa kwa sauti, mara ya mwisho. Kabla ya hapo halitamkwi. Mama amekataa kukata mgomba. Anasema mwili haukuonekana, basi mwanawe atarudi."

"Na wewe ukajenga hapa."

"Akirudi, atatokea hapa."

Rebeka alitaka kumwambia wahame kesho. Alimtazama usoni, akaona kwamba kwa mumewe kuhama lilikuwa jambo lilelile la kukata mgomba.

Wakaafikiana walau mama mkwe aitwe. Ma Prudencia alishuka kutoka Kamachumu na mkungu wa ndizi na rozari shingoni, mwanamke mrefu, mkavu, asiyekaa kiti kilichotazama ziwa. Na Rebeka, bila kuomba ruhusa, alimwita mzee Mayala, mganga wa Kisesa.

Mayala alifika kwa bodaboda, amevaa koti la suti na kandambili. Alizunguka vyumba vyote akinusa, akaomba maji ya kunywa, akaketi.

"Kwanza nikuambie ukweli, bwana Jabali. Muziki wako siupendi. Wanangu ndio wanaupenda, wakisikia nimekuja hapa watataka picha."

"Utapata, mzee," alisema Mutalemwa.

"Nyumba nayo watu wanasema mbaya. Mimi nasema nzuri. Haina jini nyumba hii." Alikunywa maji yote. "Mlango upo kwenye wimbo. Nenda stendi pale Nyegezi, simama katikati, paza sauti: we, njoo. Usitaje jina. Nani atageuka?"

Mzee aliiweka bilauri tupu sakafuni.

"Watageuka wote. Sasa wewe umeliitia ziwa hili mwaka baada ya mwaka, na redio inakusaidia, na uwanja mzima unakusaidia. Njoo, njoo, bila jina. Huko chini wamegeuka wengi. Mmoja ametembea."

"Ni mwanangu," alisema Ma Prudencia kwa sauti ya chini.

"Mwanao angekuwa na jina, mama. Huyu anaomba la mtoto. Akilipata, atalijaza pale penye pengo, na atakayeitwa ataitika na kwenda. Dawa yake sina mfukoni. Tieni jina la mwenyewe kwenye wito, asikie aliyeitwa na aondoke asiyeitwa. Basi."

Macho yote yakamgeukia mama. Yeye aliishika rozari, akatazama ukuta.

"Nikilitaja hapa juu ya maji, nimemzika," alisema. "Mimi sizai mtu nikamzika kwa sababu ya kelele za usiku."

Mayala aliondoka bila kudai picha. Mlangoni alimwambia Rebeka kwa kunong'ona, "Mtoto asikae karibu na maji jua likizama," na bodaboda ilipanda mlima ikamwacha amesimama.

Jumamosi Mutalemwa alikuwa na shoo Sengerema, iliyolipiwa zamani. Alivuka daraja la Busisi mchana, na redio ikatangaza kwamba itarusha moja kwa moja. Rebeka alifunga milango ya upande wa ziwa. Jioni Ma Prudencia alikaa kibarazani upande wa mlima akimenya ndizi, redio miguuni, kwa sababu sauti ya mwanawe aliyebaki ilimtuliza. Gladness alilala sebuleni. Rebeka alikwenda kuteka maji kwenye tangi, akarudi, na mto wa mtoto ulikuwa na shimo dogo la kichwa na hapakuwa na kichwa.

Kioo cha upande wa ziwa kilikuwa kimesogezwa, na kwenye kioo, kimo cha mtu mzima, palikuwa na kiganja.

Alitoka akikimbia bila viatu. Jua lilikuwa limeshika maji, na wadudu wa ziwani walikuwa wakija kutoka kaskazini kama nguzo ya moshi inayotembea, na chini ya jabali, ndani ya maji hadi kiunoni, alisimama Gladness na gauni lake la kulalia, mkono mmoja ameuinua juu kama anavyofanya mtoto anayeshikwa mkono na mtu mrefu, na mbele yake maji yalikuwa yamejikunja kama shuka lenye mtu chini yake.

Redioni, ng'ambo ya ziwa, umati uliimba na mumewe: *Njoo.* Pengo. Maelfu ya majina yakalia kwa pamoja, na kwenye jiwe, karibu na mguu wa Rebeka, *pa*, na Gladness akapiga hatua moja.

"Mama, zima redio," Rebeka alisema, na alishangaa jinsi sauti yake ilivyotoka ndogo.

Ma Prudencia, aliyekuwa amemfuata mbio na redio mkononi, aliizima. Wimbo haukuzimika. Uliendelea kutoka majini, taratibu zaidi, kwa sauti iliyokuwa ya Mutalemwa na haikuwa yake, kama sauti ya mtu anayeimba amejaza maji mdomoni, *giza limeingia*, na harufu ya tope ikapanda juu ya jabali mpaka Rebeka akaisikia ulimini.

Aliingia ziwani. Maji yalimfika magotini, mapajani, lakini kila alipokanyaga tope lilimshika kifundo na kumrudisha, na alipompigia mwanawe kelele sauti ilimwishia mbele ya midomo, na mtoto hakugeuka, akasogea mbele akiwa ametulia kama anayepelekwa shuleni, maji yakiwa sasa kifuani, nywele zake alizozisuka mwenyewe Rebeka juzi zikianza kuelea mabegani.

Ma Prudencia alikuwa ameshuka hadi ukingoni, kisu cha ndizi mkononi, utomvu mweusi vidoleni. Alilitazama lile shuka la maji, na uso wake ulikuwa na njaa ya miaka yote.

"Inawezekana ni yeye," alisema.

"Mama, kama ni yeye atakuitika. Mtaje."

"Nikimtaja sina tena wa kumngoja."

"Nina huyu mmoja tu." Rebeka alikuwa amenaswa tope hadi magotini na alinyoosha mikono miwili, na kati ya vidole vyake na gauni lile palibaki urefu wa mtu aliyelala. "Ningelijua ningelitaja mimi. Silijui, mama. Hamkunipa."

*Njoo*, iliimba ile sauti, sasa karibu kabisa, kwa upole, na ikanyamaza. Pengo likafunguka juu ya maji, refu kuliko lilivyowahi kuwa, wadudu wakatua, ziwa likaacha kupumua, na Gladness akainua kidevu, akafumbua mdomo kulijaza.

"Gla—"

Kisu kiligonga jiwe. Ma Prudencia aliingia majini na kitenge chake, akaweka viganja viwili pembeni ya mdomo, na akaita kwa sauti ya jikoni, ile ya kumwita mtoto wakati sahani zimeshapangwa na wenzake wanamngoja.

"Kahigwa."