Uji wa Yolande

Sisi wa Kadutu, hapa Bukavu, upande wa juu, tunakaa kwenye mteremko. Bati la jirani wa chini liko karibu na miguu yako. Ukikohoa usiku, asubuhi jirani anakuambia pole. Ndiyo maana mimi, Maman Camille, nayajua mambo ya Papa Modeste na mke wake Eulalie. Sikuwa napeleleza. Ukuta wetu ni wa mbao tu.

Modeste alikuwa mwashi. Asubuhi alishuka na mwiko wake, jioni alipanda na mkate chini ya kwapa. Eulalie aliuza makala, makaa ya kupikia, mbele ya mlango. Wakigombana, mtaa mzima ulisikia. Wakicheka, nasi tulicheka, hata bila kujua kwa nini.

Siku moja Modeste alianguka kazini. Mkono na mguu wa kuume vilikufa ganzi. Mdomo ulipinda, na maneno yakapotea. Hospitali walisema ni AVC, yaani kiharusi. Presha ilikuwa juu tangu zamani, bila yeye kujua, na mshipa wa damu kichwani ulikuwa umeziba.

Walimtunza, kisha wakamruhusu arudi nyumbani. Daktari alisema, "Kila juma mumulete kwa kine." Kine ni yule anayefundisha mwili uliolemaa kufanya kazi tena.

Kumleta! Nani amlete? Njia yetu ni ngazi za udongo, na mvua ikinyesha ni utelezi mtupu. Siku ile ya kutoka hospitali vijana wanne walimpandisha kwa kiti. Mmoja aliteleza, kiti kikainama, na Modeste akalia kwa woga, mtu mzima, mbele ya wote.

Eulalie akasema, "Basi. Hatashuka tena. Mugonjwa apumuzike."

Na kweli alipumzika. Alilala chali asubuhi, chali mchana, chali usiku. Hatukumgeuza, hatukumketisha. Kwetu mgonjwa hasumbuliwi, ndiyo heshima tuliyokuta. Tulimhurumia sana yule baba, na huruma yetu ikawa inauozesha mgongo wake.

Ndipo akaja Yolande, dada yake mdogo. Alitoka Luvungi, na kichwani alibeba beseni la unga wa mchele wa shamba lake. Huko Luvungi aliuza uji sokoni, na watu walimjua kwa huo uji. Alipomwona kaka yake alikaa chini akalia. Kisha akafunga kitenge vizuri, akawasha mbabula, jiko letu la makaa, akapika uji mwepesi wenye maziwa.

Modeste alikuwa amelala. Yolande alimwinua kichwa kidogo, akamnywesha kwa kikombe.

"Kunywa, yaya," alisema, kama tunavyomwita kaka mkubwa. "Kidogo tu."

Modeste alikohoa hadi macho yakatoa machozi. Yolande alingoja, akampa tena.

Baada ya siku chache ilikuja homa. Kifua kilianza kukoroma. Modeste alikonda, mashavu yakaingia ndani. Na mtaani neno likaanza kutembea: karuho.

Mkaaji wa Bukavu analijua neno hili. Watu wanasema ni sumu inayofichwa kwenye chakula, inayomla mtu polepole. Anakohoa, anakonda, anakufa. Na ukishataja karuho, lazima umtafute aliyepika.

Yolande alikuwa uani, anafua mashuka ya kaka yake. Eulalie akatoka ndani, macho mekundu.

"Yolande, acha kufua. Ulitia nini mu ule uji?"

Yolande alicheka, akadhani ni utani wa mulamu wake, mke wa kaka. Kisha akamtazama usoni, na kicheko kikaisha.

"Eulalie, ule ni kaka yangu. Tulinyonya titi moja."

"Njo maana niko nakuuliza. Batu ba nyumba njo banauaka." Alitaka kusema, watu wa nyumbani ndio wanaoua.

"Uliniona naweka nini?"

"Niliona anakunywa, anakohoa. Ile inatosha! Toka kwangu!"

Majirani tulikuwa tumesimama pale. Hakuna aliyemtetea. Yolande aliacha mashuka majini, akachukua beseni lake tupu, akashuka ngazi kwenye manyunyu, mikono bado ina povu. Ndani ya nyumba Modeste alikuwa anatoa sauti: "Yo... Yo..." Tulidhani ni maumivu.

Kesho yake Eulalie alimwita mama mmoja anayesema anajua kutoa karuho. Mama huyo alimnywesha dawa chungu ya kutapisha. Modeste alitapika akiwa chali, matapishi yakarudi kooni, na midomo ikageuka rangi. Tulimlaza ubavu, tukamfuta, akapata pumzi. Lakini Eulalie alipiga mayowe ambayo sitaki kuyasikia tena.

Nikakasirika. Nikamkasirikia yule mama wa dawa, nikatukasirikia sisi sote. Nikakumbuka tangazo la kanisani baada ya misa: kituo cha afya cha parokia kina kikundi kinachowafuata wagonjwa wasioweza kushuka mlima. Nikavaa viatu, nikaenda bila kumuuliza mtu ruhusa.

Walipanda wawili. Infirmière Aimée, muuguzi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, na Grégoire, kine, ambaye alipumua kama amepanda mlima Kahuzi.

Aimée alipima homa na presha. Alisikiliza kifua. Akampigia daktari wa kituo, wakazungumza kwa muda, na sindano za kutibu kifua zikaanza siku ileile. Alimwambia Eulalie, "Akizidiwa na pumzi, ao asipoamuka, tunamubeba kwenda hospitali, hata ku mugongo. Usingojee asubui."

Kisha wakamgeuza ubavu. Mungu wangu! Chini ya mgongo palikuwa na kidonda, na harufu ilijaa chumba. Eulalie alikuwa anakinyunyizia poda ya mtoto.

"Poda hapana, maman," Aimée alisema. "Wala majivu, wala majani. Tutasafisha na maji ya chumvi yenye imechemka, tunafunika. Mi mwenyewe nitakuja. Lakini kama analala juu yake, hakitapona. Kila saa mbili munamugeuza: ubavu huu, ubavu ule. Unawekea mito kati ya magoti."

Eulalie hakusikiliza vizuri. Kulikuwa na neno limemkaa kooni.

"Infirmière, niambie kweli. Ile karuho imefika wapi mu mwili?"

"Karuho gani?"

"Dada yake alimupa mu uji. Nikamufukuza."

Aimée aliketi pembeni ya kitanda.

"Maman, mimi sioni sumu hapa. Naona AVC. Ilipiga mukono, ikapiga muguu, ikapiga na koo. Koo yake haijue tena kufunga njia ya pumuzi wakati anameza. Ukimunywesha amelala, kinywaji kinashuka mu mapafu. Njo anakohoa. Njo homa inakuja."

"Hata na uji?"

"Uji mwepesi, chai, supu, maji. Vyote. Tangu dada yake aende, nani anapika?"

"Ni mimi."

"Na akikunywa, anakohoa?"

Eulalie aligeukia mlango. Nje mtoto wa mtu alikuwa anaita mbuzi.

"Anakohoa," alisema.

Grégoire alianza kazi, na nadhani alifanya hivyo makusudi, kwa kumhurumia. Alimketisha Modeste wima, mito nyuma, miguu chini. Modeste alitetemeka.

"Muko munamutesa!" Eulalie alisema.

"Anafanya kazi, maman. Mwili usiofanya kazi unasahau. Njoo, weka mikono yako hapa kwenye yangu."

Alimwonyesha kutovuta ule mkono mgonjwa, maana bega linaweza kutoka mahali pake. Unaushika kwa chini, unaupandisha polepole, na akiketi unauwekea mto. Alimwonyesha kukunja na kunyoosha goti.

Aimée naye akaomba uji mzito, unaoshikamana na kijiko. Kidevu cha Modeste kikiwa kimeinama kidogo, alimpa kijiko kimoja kidogo. Akangoja ameze. Akaangalia mdomoni, upande uliolemaa, kama chakula hakikubaki. Kisha kijiko kingine.

"Asipewe chakula akiwa na usingizi," alisema. "Na akimaliza, asilale mbio. Abaki ameketi karibu nusu saa. Dawa ya presha anakunywa kila siku, hata akijisikia muzuri."

Modeste alimeza. Hakukohoa. Alimtazama mke wake, akafungua mdomo.

"Yo," alisema. "Yo..."

"Ni maumivu," Eulalie akasema.

"Si maumivu," Aimée alijibu. "Anaita mutu. Angalia macho yake, anatafuta ku mulango. Ni nani mwenye jina inaanza na Yo?"

Eulalie alikaa chini, pale kwenye sakafu ya saruji ambayo Modeste mwenyewe aliimimina. Alijifunika uso na kitenge. Siku zote zile mume wake alikuwa anamwita dada yake, nasi tulikuwa tunamwambia pole kwa maumivu.

Aimée alirudi kila baada ya siku chache. Wakati mwingine aliharakisha, maana kwenye mlima wetu alikuwa na wengine. Kulikuwa na nyanya mwenye kansa, aliyehitaji dawa ya maumivu na mtu wa kumshika mkono. Kulikuwa na mama aliyejifungua kwa kupasuliwa. Grégoire alikuwa na mtoto aliyezaliwa na nyayo zilizopinda. Kumbe watu hawa wapo, na huduma hizi zipo, sisi tumejifungia ndani na wagonjwa wetu. Msomaji, kama una mgonjwa asiyeweza kutoka, nenda ukaulize kituo cha afya cha karibu nawe. Uliza leo.

Kifua cha Modeste kilisafika. Kidonda kilichukua miezi, lakini kilifunga. Alijifunza kuketi kwenye kiti, kisha kusimama akishika meza. Mkono haukurudi. Mwiko hatashika tena, na yeye anajua. Kuna siku analia bila sauti, na Eulalie anamwacha alie, anamshika tu bega.

Modeste alipopata nafuu, Eulalie alinikalisha karibu naye, akaenda Luvungi kumwomba Yolande msamaha. Alirudi amekauka kama mtu aliyefiwa.

"Maman Camille, ile neno ya karuho ilifika kule mbele yangu," aliniambia. "Sokoni batu habanunue tena uji yake. Hata bakwe zake habakule kwake. Nilisimama kati ya soko, nikasema nilikosea, AVC njo ilifanya. Batu balinisikiliza. Hakuna mwenye alinunua."

Yolande hakuja siku hiyo. Alikuja juma lililofuata, na unga wa mchele kichwani. Hakumsalimia Eulalie kwa mkono. Alipita moja kwa moja kwa kaka yake, wakatazamana, na machozi yakawatoka wote wawili.

Eulalie alimwonyesha namna ya kulisha. Yolande alisikiliza, akapika uji mzito. Majirani tukajazana mlangoni, kama kawaida yetu.

Kwetu, ukimpa chakula mtu anayekuogopa, unaonja wewe kwanza, aone. Yolande alichota kijiko, akageuka upande wetu, akala. Alimeza. Akangoja, akitutazama mmoja mmoja. Kisha akachukua kijiko kingine, akamlisha kaka yake.

"Yolande, usionje," Eulalie alisema. "Nakuomba. Hakuna mwenye anakushuku tena."

"Sasa munaniamini ju infirmière alisema. Mwanzo mimi sikusema?"

Modeste alimeza vizuri. Akainua mkono ule mzima, akamshika dada yake kwenye kiwiko.

"Yo-la-nde," alisema, jina zima.

Yolande alilia, lakini hakuacha. Kijiko kwake, kijiko kwa kaka yake, hadi sufuria ikaisha.

Siku hizi anakuja kila mwezi. Modeste anakula, hakohoi, na mashavu yamerudi. Asubuhi anaketi mlangoni na kunisalimia kwa jina. Yolande akipika, bado anaonja mbele yetu. Eulalie anatoka nje, anasimama karibu na makala yake hadi chakula kimalizike.