Dakika Mbili Mbele ya Baba

"Agatha, inua macho!" Cyril alifoka. "Mimi hapa ni mtahini, siyo baba mkwe."

"Siwezi! Ukiniuliza kwa sauti ya mzee, macho yanashuka yenyewe."

Huyu Agatha ni muuguzi wa Masasi, na wodini hakuna asiyeujua ulimi wake. Lakini mwaka jana, kwenye mtihani wa kuongea Kiingereza, alikutana na mtahini mwenye mvi. Akaulizwa habari za kwao Mnyambe, akajibu sentensi moja, akainamisha kichwa kwa adabu aliyofundwa. Yule bwana akasubiri aendelee. Yeye akasubiri aruhusiwe. Alama zikaanguka, na safari ya kusomea ukunga Uingereza ikaota mbawa.

Sasa chuo kimempa nafasi ya mwisho.

"Walimu wenzangu Newala wananicheka," Cyril alisema. "Eti namfundisha mchumba wangu kunikimbia."

"Na wewe unasemaje?"

"Naogopa, Agatha. Naogopa sana. Lakini mke aliyebaki kwa sababu alifeli, simtaki."

Jumamosi wakaenda Mnyambe. Baba yake Agatha, Mwalimu Barnaba, mstaafu wa shule ya misheni, alikuwa uani anaanika korosho. Yeye alimjua Cyril kama kijana wa tuisheni tu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Karibuni."

"Mzee, tunaomba umuulize swali kwa Kiingereza," Cyril alisema. "Mtihani wake unahitaji aongee mbele ya mkubwa, na hakuna mkubwa anayemtia hofu kama wewe."

Mzee akacheka, akavaa miwani, akauliza kwa Kiingereza kilichonyooka: nieleze mtu muhimu katika maisha yako. Dakika mbili.

Agatha akalikodolea jamvi. Cyril akakohoa.

Ndipo binti akainua macho, akamtazama baba yake usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu apate akili. Akaanza kwa Kiingereza. Yupo mwanaume, alisema, anayekuja kila wiki na bodaboda, vumbi hadi kwenye kope, kumfundisha namna ya kuondoka. Hajamwomba abaki hata mara moja. Anampenda, na akirudi ataolewa naye, baba yake akiridhia.

Cyril alitamani ardhi ipasuke immeze.

Dakika mbili zikaisha. Mzee akavua miwani, akarudi kwenye Kiswahili.

"Kumbe tuisheni yenyewe ndiyo hii!"

"Nisamehe, baba."

"Nikusamehe nini? Leo ndiyo umeongea na mimi, mwanangu. Nenda kaongee hivyohivyo." Akamgeukia Cyril. "Na wewe, unatetemeka nini? Njoo unisaidie kugeuza korosho."

Siku ya mtihani, Dar es Salaam, Agatha alituma ujumbe: "Nimepewa mzee tena. Nimemtazama, nimeongea mpaka yeye ndiye kanisimamisha!"

Majibu yalipotoka, simu ya Cyril ililia akiwa darasani: ujumbe wa Agatha.

"NIMEFAULU! Kuongea ndiko nilikopata alama za juu kuliko zote!"

Cyril akapiga kelele, darasa zima likampigia makofi bila kujua sababu. Kabla hajajibu, simu ikaita. Mzee.

"Shikamoo, baba!"

"Marahaba. Mwenzio anasafiri mwezi wa tisa. Mshenga wako anangoja nini?"

"Anakuja kesho, mzee!"

"Basi chagua anayejua kuongea," mzee akasema. "Nyumba hii siku hizi hatupokei jibu la sentensi moja."