Lami Tembezi ya Nkuhungu

Gari jeupe lililosimama mbele ya duka la unga lilianza kuondoka bila dereva na bila injini kuwaka. Magurudumu yake hayakuzunguka. Ni barabara yenyewe iliyokuwa ikitembea. Vigae vyeusi, kila kimoja na ukubwa wa sahani, vilijiinua kidogo, vikalishika gari kwa chini na kulipokezana hadi mwisho wa mtaa, ambako mlango wa ghala la chini ya ardhi ulifunguka na kulimeza. Mwenye gari alitoka dukani na mfuko wake wa sembe, akapatazama pale alipokuwa ameliacha, akasonya.

Hiyo ndiyo iliyoitwa lami tembezi, na jiji zima la Dodoma lilikuwa limetandikwa. Gari halikuruhusiwa kusimama kwenye barabara ya umma zaidi ya dakika tatu. Hapakuwa na askari wa kubishana naye wala wa kumbembeleza. Kila nguzo ya taa ilikuwa na jicho, na macho yote yalikuwa ya akili unde moja iliyoitwa Msimamizi. Muda wa gari ukiisha, vigae viliamka.

Aliyeibuni ni Mhandisi Eunike Ndahani, na alikuwa na sababu yake. Mwanawe Amosi, akiwa na miaka sita, alibanwa na pumu siku ya Jumamosi. Gari la wagonjwa lililokuja kumchukua lilikwama nyuma ya magari ya harusi yaliyoegeshwa pande zote mbili za mtaa. Watu walikimbilia ukumbini kuwatafuta wenye magari. Wengine walikuwa wanakula, wengine wanacheza. Amosi alikata roho mikononi mwa mama yake, king'ora kikisikika karibu kabisa. Tangu lami tembezi itandikwe, magari ya wagonjwa yalikuwa yanafika. Hilo hakuna aliyeweza kulikana.

Sasa baba yake Eunike, Mzee Yeremia, alikuwa ndani ya jeneza, sebuleni kwake Nkuhungu, akisubiri kuzikwa saa nane mchana.

Ulikuwa msiba bila turubai. Zamani turubai lingefungwa katikati ya mtaa, viti vya kukodi vikapangwa, wanaume wakakaa nje tangu asubuhi wakizungumza mpira na kilimo, na magari ya wageni yakajaa hadi barabara kuu. Mtaa mzima ungejua. Siku hizi magari yalishusha watu yakaondoka, na waombolezaji walibanana uani kati ya tangi la maji na kamba ya kuanikia nguo.

"Mhandisi," alisema Chiwanga, jirani wa ukuta mmoja, akiwa amesimama na kikombe cha chai kwa kukosa pa kukaa. "Huyo mtoto wako wa barabarani hana adabu. Jana mke wangu alisimamisha gari ashushe sufuria za msiba huu huu. Zimekwenda ghalani na wali ndani."

Watu walicheka kidogo, kicheko cha msibani. Eunike alitabasamu tu. Alikuwa amesimama getini tangu asubuhi, akimsubiri Shangazi Damari kutoka Mpwapwa.

Damari alikuwa dada pekee wa marehemu. Walikuwa hawajaonana miaka minne, kwa sababu miguu ya Damari ilikuwa imevimba na kumshinda. Kumtoa kwenye kiti kulihitaji watu wawili na uvumilivu. Kwenye simu alikuwa amesema neno moja tu: "Msimfunike kabla sijamwona."

Gari lake, la kujiendesha, lilifika saa sita na nusu. Eunike na Chiwanga walifungua mlango wakiwa wamesimama ukingoni. Shangazi alinyoosha mikono.

"Mbukwenyi," aliwasalimu kwa Kigogo, akihema. "Polepole, wanangu. Goti hili linataka kuombwa."

Mguu wa kwanza ulitoka, ukatua ukingoni. Wa pili ulikuwa bado ndani vigae vilipoanza kujiinua. Gari lilisogea. Shangazi aliyumba, akapiga ukelele, na Chiwanga akamsukuma arudi kitini asije akaanguka. Mlango ulijifunga wenyewe, usifunguke tena hadi gari liruhusiwe kusimama. Kwa kuwa ndani mlikuwa na mtu, barabara haikulipeleka ghalani. Ililisukuma tu hadi gari likashika mwendo wake na kuanza kuzunguka mtaa.

Eunike aligusa kisikizi sikioni. "Msimamizi, gari lile linahitaji dakika kumi. Ni msiba."

"Pole sana, Mhandisi," sauti ilijibu, ya upole. "Gari likishaondolewa, haliruhusiwi kusimama mtaa uleule hadi saa mbili zipite."

"Basi iandike kuwa ni dharura."

"Dharura ni ya aliye hai. Ruhusa ya misiba ilifutwa kwa amri yako, baada ya watu wa harusi kuanza kusema uongo kwamba wamefiwa."

Ni kweli, aliifuta yeye. Kuirudisha kulihitaji wakuu watatu wa idara, na leo ilikuwa Jumapili. Aliwapigia. Mmoja hakupokea, wa pili alikuwa kanisani, wa tatu alimpa pole na kumwambia aandike ombi.

Nyuma yake wimbo ulianza. Jeneza lilikuwa limefunguliwa, na watu walipanga mstari kumuaga Mzee Yeremia.

"Eunike!" mama yake aliita kutoka mlangoni. "Njoo umuage baba yako."

"Nakuja, mama. Nazungumza nao hapa."

Gari la Shangazi lilipita mbele ya geti. Damari alikuwa amebandika kiganja kwenye kioo. Likapita tena. Safari hii alikuwa ameshika leso mdomoni na hakutazama pembeni. Eunike aliendelea kupiga simu. Alipogeuka, wimbo ulikuwa umekwisha, na wanaume walikuwa wanakaza skrubu za mwisho za kifuniko. Gari la kubebea mwili lilikuwa linakuja, nalo lilikuwa na dakika tatu zake.

Hapo ndipo wazo lilipomjia. Lami haikufundishwa kumsukuma mtu kwa miguu. Mtu akikanyaga barabara, vigae hulala na magari yote husimama alipo. Alikuwa ameiweka sheria hiyo kwa ajili ya watoto wa shule.

"Mtoeni nje," aliwaambia wabebaji. "Sisi sote tuingie barabarani. Shangazi hawezi kumfuata, basi Baba amfuate Shangazi."

Waliingia, kina mama na kanga zao, wazee na fimbo zao. Mtaa ulijaa watu kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Magari yalisimama pande zote mbili. La Shangazi lilisimama katikati yao. Walipanga viti viwili vya plastiki kando ya mlango wake na kuweka jeneza juu, kisha Chiwanga akainama na bisibisi.

"Yeremia," Shangazi alisema, ameegemea nje ya dirisha, kiganja chake juu ya mbao. "Nimekuja, kaka. Wamenizungusha kama pia, lakini nimekuja."

Skrubu ya kwanza ilitoka. Sikioni mwa Eunike, sauti ya upole ilisema: "Mhandisi, gari la wagonjwa limezuiwa nyuma ya watu wenu. Limembeba mtoto anayeshindwa kupumua. Njia nyingine imejaa magari mliyoyasimamisha."

Hakuna mwingine aliyesikia. King'ora kilikuwa kimezimwa siku hizi, maana barabara ilikuwa wazi daima. Eunike alimtazama Shangazi. Alimtazama Chiwanga akishughulika na skrubu ya pili. Zilikuwa nne. Skrubu ya pili ilitoka, naye alikuwa bado hajasema kitu.

"Shangazi," alisema hatimaye. "Nyuma yetu kuna gari la wagonjwa. Mtoto."

Bisibisi ilisimama. Watu walimtazama yule bibi, na yeye alikuwa anatazama kifuniko.

"Yu hai?" aliuliza.

"Yu hai."

Shangazi Damari aliipapasa mbao mara moja, kama anayenyoosha shuka. "Basi mnangoja nini? Mwondoeni kaka yangu njiani. Wapite."

Waliinua jeneza na kupanda ukingoni. Watu walitoka barabarani, na vigae vikaamka. Gari la wagonjwa lilipita kwa kasi bila sauti, na nyuma yake gari la Shangazi likachukuliwa, uso wake ukiwa umegeukia nyuma kwenye kioo hadi lilipokata kona. Saa nane Mzee Yeremia alizikwa.

Kesho yake Shangazi alikuwa amekaa mkekani, miguu imeinuliwa juu ya mto, mama yake Eunike kando yake. Habari ilikuwa imefika kwamba mtoto yule ameshatolewa kwenye mashine ya kupumulia na sasa anapumua mwenyewe. Shangazi aliitikia kwa kichwa. Kisha akasema, "Eunike, nisimulie. Kaka yangu alikuwaje?"

Eunike aliinamisha uso. Mama, akidhani ni kilio, akamjibia.

"Alikuwa amenyolewa vizuri, wifi. Mdomo ulikuwa umeachama kidogo upande mmoja, kama vile anataka kumkatiza mtu."

Shangazi alicheka, machozi yakamtoka. "Ndiye huyo."

"Na macho, mama?" Eunike aliuliza kwa sauti ndogo. "Yalikuwa yamefumbwa kabisa?"

Mama aligeuka polepole, akamtazama binti yake kwa muda. Alisogea kwenye mkeka, akampa nafasi ya kukaa kati yao, akaanza kusimulia upya.