Busu la Mtendaji

Paka alikuwa nje, kajilaza juu ya kahawa iliyoanikwa. Kwa hiyo si yeye aliyekuwa akilambalamba kitu ndani ya chandarua cha mtoto.

"Ma Kokugonza," Edvina alimnong'oneza mama mkwe wake. "Unasikia?"

"Panya hao."

Panya hawanuki wino wa mhuri. Chumba kizima kilinuka, na jicho la kushoto la Alistidia, mwenye siku tisa duniani, lilikuwa limevimba, ukingoni limeota malengelenge.

Siku nne nyuma Rwegasira, mtendaji wa kijiji, alifika hapo Kaagya kumwandikisha. Bwana huyu alishindwa hata kuziba shimo la barabarani, ila alikuwa na utaratibu wake: hakuna kichanga kilichoingia daftarini kabla hajakibusu macho, "kwa niaba ya serikali". Mdomoni alikuwa na kidonda kibichi. Ma Kokugonza alikiona, akampisha hivyo hivyo. Serikali haifukuzwi mlangoni.

Walimtia mtoto maziwa ya mama jichoni. Zahanati ikatoa dawa ya tyubu. Uvimbe ukazidi, na kule kulamba kukaendelea mchana kweupe, mpaka Edvina alipoinama juu ya zile kope zilizogandana, akasikia kutoka chini ya kope hizo sauti ya taratibu, ya mtu aliyezoea kusubiriwa, ikisema: "Niko kikazi, mama. Naomba ushirikiano."

Wakapanda bodaboda hadi hospitali, Bukoba.

"Virusi vya kidonda cha mdomo," alisema Daktari Restituta. "Vikiachwa anapofuka, au vinapanda kwenye ubongo. Nani alimbusu?"

"Serikali," alijibu Ma Kokugonza.

"Daktari," Edvina alinong'ona, "virusi vina sauti?"

Restituta aliacha kuandika. "Kwenye fomu hakuna nafasi ya sauti. Ila nimewahi kuisikia."

Dawa ilipitishwa mshipani. Siku ya pili sauti ililalamika kwamba haikupewa notisi. Siku ya sita ilikoma, jicho likafunguka, likaufuata mkono wa mama.

Edvina alipeleka malalamiko. Wakubwa wakatafakari, wakamhamishia Rwegasira Muleba, pamoja na barua ya kumpongeza kwa "ukaribu na wananchi".

Alipita kuaga. Edvina alisimama katikati ya mlango.

"Nimuage mjukuu wangu kidogo."

"Agia hapo hapo, Ta Mtendaji."

Rwegasira alitabasamu, kidonda kikapasuka upya. Midomo ilikuwa imefungwa, lakini kitu ndani ya kidonda kile kikalamba.

Jioni hiyo, Muleba, kabla hajafungua begi, alimuuliza mwenyeji wake:

"Nani kajifungua hapa karibuni?"