Lami na Waridi

"Samahani, hiki kiti ni cha mtu mwingine."

"Kaa, Rola. Ni chako."

"Si changu. Tazama kadi, wameandika Mhandisi."

Pua alitazama kushoto, akatazama kulia, kisha akainama kana kwamba ananyoosha kitambaa cha meza. Alivaa sare nyeusi, na funguo za ghala la mvinyo zilining'inia kiunoni.

"Kaa kwanza," alinong'ona. "Ukiulizwa, wewe ni mhandisi wa barabara. Nitakueleza baadaye."

Rola alikaa. Mwaka wa kumi na moja huu kazi yake ilikuwa kumwaga lami. Wenzake walimpa jina la Rola kwa kuwa alitembea polepole kama gari la kushindilia barabara, lakini hakuna aliyewahi kumwona amesimama. Uhandisi hakuwahi hata kuuota. Na mwanamke huyu alilijua hilo fika. Yeye ndiye mtunza mvinyo wa hoteli nzima, ambaye wapishi walimbandika jina la Pua kwa vile alinusa kizibo tu akakwambia chupa imeharibika. Jumamosi ya wiki hiyo hiyo Rola na wajomba zake wawili walikuwa waende nyumbani kwao kumposa.

Alitoa simu chini ya meza.

"Umenionea aibu?" aliandika.

Pua, aliyekuwa akipanga glasi kwenye meza ya pembeni, alisoma ujumbe, akarudisha simu mfukoni bila kujibu.

"Na mama yako umemwambia mimi ni nani?"

Safari hii jibu lilikuja. Neno moja tu.

"Mhandisi."

Rola alilitazama lile neno mpaka macho yakamchoma. Mchana kutwa alisugua mikono kwa mafuta ya taa, kisha sabuni, kisha ndimu. Pua, aliyemwalika kwenye karamu hii ya kuonja mvinyo, alikuwa amemwonya asijipake manukato hata tone, kwamba yangeua harufu ya mvinyo. Alitii kila kitu kama mtoto anayepelekwa shule siku ya kwanza. Kumbe huku nyuma alishafutwa jina na kupewa lingine.

"Basi Jumamosi hatuji," aliandika, akatuma.

Alimwona Pua akisoma. Alimwona akishika ukingo wa meza. Lakini mlango ulifunguliwa, meneja akapiga makofi, na wageni wote wakasimama.

"Mabibi na mabwana, mgeni wetu, mtengeneza mvinyo kutoka Italia!"

Mtengeneza mvinyo alikuwa mzee mwenye shati lililokunjwa mikono na tumbo la mtu asiyekimbizana na saa. Jikoni walishamwita Mzee Zabibu tangu alipoingia hotelini asubuhi. Hakujua Kiswahili, na mtu pekee hotelini aliyejua lugha yake ni Pua, aliyejifunza kwenye simu miaka miwili mfululizo akisafiri kwenda kazini na kurudi. Mzee alizunguka meza akisalimia. Alipofika kwa Rola aliushika mkono, akaugeuza, akazitazama kucha na weusi uliogoma kutoka pembeni. Kisha akaonyesha za kwake. Nazo zilikuwa na mistari ya zambarau iliyokolea, mtu akiitazama anajua hiyo haitoki kwa sabuni. Alisema maneno mengi, akicheka.

"Anasema anafurahi kukufahamu," Pua alitafsiri.

Rola aliona tafsiri imekuwa fupi kuliko maneno. 

Chakula kilianza kuletwa. Mvinyo wa kwanza ulikuwa mwekundu mwepesi, wa kunywewa pamoja na supu. Wa pili ulikuwa mzito kidogo, ukaja na nyama ya ng'ombe iliyopikwa taratibu. Mbele ya Rola aliketi wakili mmoja mwenye miwani, mteja mkubwa wa hoteli, ambaye alizungusha glasi, akafumba macho na kutangaza:

"Matunda ya msituni. Ngozi. Na huzuni kidogo."

"Huzuni nayo inanukia?" Rola aliuliza, kweli akitaka kujua.

"Ukizoea, Mhandisi. Ukizoea."

Meza ikacheka. Rola alijaribu kunusa huzuni, akaikuta tayari kifuani kwake, wala haikutoka kwenye glasi.

Ndipo Pua akaleta chupa ya tatu.

Aliibeba imelala mikononi mwake, akitembea kama mtu aliyebeba mtoto aliyesinzia. Akawasha mshumaa. Kizibo kilikuwa kimechakaa. Alikizungusha pole pole, pumzi ameibana, mpaka kikatoka kizima. Akakinusa. Kisha akaishika shingo ya chupa juu ya mwanga wa mshumaa na kuanza kumimina kwenye jagi la kioo, uzi mwembamba mwekundu usiokatika, macho yake yakichunga mashapo yasije yakapita.  Hata wakili aliacha kutafuna. Mkono wa Pua haukutikisika hata kidogo, na mashapo yalipokaribia shingo alisimamisha palepale, tone la mwisho likabaki mdomoni mwa chupa.

Rola alikuwa amempenda mwanamke huyu miaka mitatu na hakuwahi kumwona kazini. Hasira ilikuwapo bado, lakini nyuma yake kulikuwa na kitu kikubwa zaidi kilichomfanya asahau kupumua. Alitaka kumwambia mtu yeyote aliye karibu kwamba huyu ni wake. Halafu akakumbuka.

Mzee Zabibu alianza kusema, na Pua akawa sauti yake.

"Anasema huu unaitwa Barolo, unatoka kwenye vilima vya kaskazini kwao. Zabibu zake zilichumwa miaka thelathini na minne iliyopita. Aliyezichuma ni baba yake, akiwa mgonjwa. Alijua hatauonja. Alimwambia: 'Wewe usiufungue mapema. Uache mpaka ukae sawa.' Baba yake akafa mwaka uliofuata."

Miaka thelathini na minne. Rola alipiga hesabu mara mbili. Mwaka ule yeye alikuwa kitoto cha kubebwa, na kitu hiki kililazwa gizani kikamsubiri.

Aliinua glasi kwa mikono miwili. Mvinyo ulikuwa umepauka pembeni, rangi ya tofali. Alinusa, na nywele za mikono zikamsimama. Akanusa tena, akidhani ni mikono yake, kwamba mafuta ya taa na ndimu vimemsaliti. Akauweka mkono mbali. Harufu ikabaki. Akanywa. Mdomo ulikauka kama kwa chai ya rangi iliyokolea, kisha joto likashuka taratibu, na mwisho kabisa, wakati alidhani yamekwisha, ikapanda harufu ya ua.

"Mhandisi kanyamaza," meneja alitania. "Tuambie, umepata nini?"

"Lami."

"Unasema?"

"Lami. Ile ya alfajiri, imetoka tu kwenye pipa, haijaanza kupoa. Na juu yake kuna waridi. Sijui yamefikaje pale, lakini yapo."

Kicheko kililipuka. Wakili alipiga meza kwa kiganja.

"Lami! Chupa ya bei hii!"

"Mhandisi wetu ana utani," meneja alisema haraka, uso umemwiva.

Mzee Zabibu aliuliza kitu. Pua akajishughulisha na jagi. Akauliza tena, akimnyooshea Rola kidole, na Pua akasema maneno mawili matatu kwa sauti ndogo.

Mzee aliweka glasi chini. Machozi yalimlenga. Alisimama, akaongea polepole, na kadiri alivyoongea ndivyo kicheko kilivyokufa, kiti kimoja baada ya kingine.

"Anasema," Pua alitafsiri, "baba yake alimfundisha kwamba mvinyo huu ukikaa sawa hutoa harufu mbili. Lami na waridi. Anasema wapo wanaoyasoma hayo vitabuni wakaja kumkariria. Huyu hakusoma popote. Na anauliza... anauliza mhandisi wa ofisini ameijulia wapi lami ya moto kiasi hiki?"

Ukumbi mzima ulimgeukia Rola. Yeye alimtazama Pua. Aliona meneja amesimama nyuma yake, na akashindwa kumwangusha mbele ya watu.

"Mwambie wahandisi nao hutembelea kazi," alisema kwa upole. "Mwambie harufu yake niliisikia huko."

Pua alivuta pumzi.

"Hapana. Hilo silitafsiri."

"Pua..."

"Silitafsiri, Rola." Aligeukia meza. "Huyu si mhandisi. Anamwaga lami. Barabara mliyopita kuja hapa ni ya mikono yake. Ni mchumba wangu, kama bado ananitaka. Kadi ile niliiandika mimi, kwa sababu nilikuwa mjinga. Na mzee alipomshika mkono alisema, 'Hatimaye nimekutana na mtu wa kazi.' Nikalificha na hilo."

Kisha akayasema yote upya kwa Kiitaliano. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akazunguka meza, akamkumbatia Rola kama ndugu aliyepotea siku nyingi. Akachukua jagi na kummiminia glasi iliyojaa. Wakili alivua miwani, akanusa glasi yake upya, kimya kimya.

"Mbona kweli ni lami," akasema. Safari hii hakuna aliyecheka.

Wageni walipohamia kwenye kahawa, Rola alimkuta Pua kwenye chumba cha kuoshea glasi, akizisuuza kwa maji ya moto matupu bila sabuni. Alikuwa analia.

"Nilikuonea aibu," alisema kabla hajaulizwa. "Umeniuliza, sasa nakujibu. Leo najionea aibu mwenyewe. Nisamehe."

"Nimeumia, Pua. Sitakudanganya."

"Najua."

"Mpigie mama yako."

"Sasa hivi?"

"Nikiwa hapa."

Alifuta mikono, akapiga, akaweka sauti ya nje.

"Mama, umeshakula?"

"Nimekula. Mbona unalia?"

"Mama, yule kijana wa Jumamosi si mhandisi. Nilikudanganya. Anamwaga lami."

 Rola alihesabu matone yaliyodondoka kutoka kwenye bomba. Yalifika sita.

"Anaimwaga mwenyewe? Kwa mikono yake?"

"Ndiyo, mama."

"Sasa wewe mtoto, mhandisi angenisaidia nini mimi? Hapa mbele ya geti kuna shimo la miaka minne, wahandisi watatu wameshalipiga picha. Mwambie aje, na asivae viatu vizuri. Na wewe ukifika tutaongea, usidhani uongo wako nimeumeza."

Simu ikakatwa. Rola alijaribu kujizuia, akashindwa, akacheka mpaka akaegemea ukuta.

"Kwa hiyo Jumamosi?" Pua aliuliza, bado haamini.

"Jumamosi nitakuja na wajomba wawili na ndoo ya lami."

Pua aliushika mkono wake, akaupeleka puani, akafumba macho kama alivyofanya kwa kile kizibo cha zamani. Alinusa muda mrefu, bila haraka.

"Lami," alisema.

"Na waridi je?"

"Limesimama mbele yako, hulioni?"

Rola alikuwa analiona.