Bado, Mjomba Mpira

Duka la vifaa vya shule lilikuwa limefurika siku ile, watu wanasukumana kama wanagawiwa bure. Mwalimu wa chekechea, gauni la buluu na kitambaa cheupe kichwani, alivuta wavu wa mipira. Wavu nao ukamvuta. Upande wa pili alisimama mwanamume mrefu, shati limenyooshwa kwa pasi, vifungo vimefungwa hadi shingoni.

"Dada, nimeushika mimi kwanza."

"Kaka mzima na mipira ya watoto? Huoni haya?"

"Ndiyo kazi yangu. Nazunguka shule za chekechea kupima watoto: nani anaruka kwa mguu mmoja, nani anadaka, nani anatunga ushanga."

"Basi njoo uwapime wangu. Na mipira uibebe wewe."

Akaja. Watoto wakamwita Mjomba Mpira. Kilichomteka mwalimu hakikuwa urefu wala shati, lilikuwa neno moja. Mtoto akidondosha mpira, mpimaji hakusema hawezi. Alisema, "Bado," na darasa zima likaitikia kwa furaha, "Bado! Jaribu tena!"

Mapenzi yakashika. Asubuhi ujumbe, mchana ujumbe, jioni simu.

"Umekula, mpenzi?"

"Nitakulaje na wewe umenijaa kooni?"

"Basi niteme, ule."

Muhula uliofuata ujumbe ukakatika. Shati la vifungo likapotea. Akawa anakuja na fulana, mikono mfukoni. Mwalimu akajiambia, shati sasa linanyooshwa kwa ajili ya mwingine.

"Niambie ukweli. Ni nani huyo?"

"Hakuna mtu, mama."

"Basi vidole vimeota kutu? Hata salamu huwezi kuniandikia?"

Akacheka kidogo, akatazama ukuta. "Labda vimeota."

Mwalimu akaona anachezewa. Akamnunia, wakawa wanasalimiana kama majirani waliogombana.

Ikafika siku ya kupima vidole. Mjomba Mpira alikaa kwenye kiti kidogo, magoti yamefika kifuani, aonyeshe kwanza yeye kama kawaida yake. Uzi ukakosa tundu la ushanga. Ukakosa tena. Kibakuli kikapinduka, shanga zikatapakaa sakafu nzima.

"Bado!" watoto wakapiga makofi. "Jaribu tena!"

Akainuka, akatoka.

Mwalimu alimkuta kwenye bomba la uani, uso umelowa, wala si kwa maji ya bomba peke yake.

"Baba alianza hivi hivi," alisema. "Vifungo kwanza, kisha kijiko, mwisho ulimi. Daktari ameshathibitisha. Sikuwa na mwingine. Sikutaka tu uje uwe yaya wangu."

"Na mimi nakusimanga, kumbe vidole..." Akamshika mikono yote miwili. Ilikuwa ikitetemeka kama kifaranga. "Nioe hivyo hivyo."

"Nitakuvisha vipi pete?"

"Nitajivisha."

"Halafu unilishe, unifute mdomo, kama mtoto wa darasa lako?"

"Lakini bado uko mzima!"

"Mwalimu wangu. Kwa watoto, bado ni kwamba leo hajaweza, kesho ataweza. Kwangu mimi ni kwamba leo naweza. Kesho, basi."

Akahamia kwa dada yake, mbali. Mwalimu alimlilia Mungu. Mungu alinyamaza, naye hakuacha kuomba. Kila jioni alipiga simu.

"Nije?"

"Bado."

"Bado unanipenda?"

"Bado."

Neno lile lile. La kwanza lilimfungia mlango, la pili likamwachia ufa wa kuchungulia. Mwalimu akaishi kwenye ufa huo.

Hadi jioni moja dada mtu akapokea simu yeye.

"Wifi," alisema, naye hakuwahi kumwita hivyo kabla, "ulimi nao umegoma."

"Mwekee simu sikioni."

Alisikia pumzi, nzito, karibu kabisa.

"Nije?"

Pumzi.

"Bado unanipenda?"

Pumzi tu, na kitu kama mkoromo, kama mtu anayesukuma mlango mzito kwa ndani. Mwalimu akafumba macho. Sauti iliyomtoka ilikuwa ile ya darasani, ya upole, isiyo na haraka.

"Bado, Mjomba Mpira," akamwambia. "Jaribu tena."

Akasubiri. Pumzi zikaendelea, wala neno halikuja.